Risasi Arobaini na Tisa za Harlan

Kwetu milimani mpiga shabaha akifa, risasi zake hazirithiwi na mtu. Risasi uliyoijaza kwa mkono wako ni ya bunduki yako tu, hata kaka yako wa damu humpi. Kwa hiyo rafiki mmoja wa marehemu hukaa mezani pake akazifungua moja moja, akaimwaga baruti bustanini na kuyatupa maganda. Harlan Kreider alipokufa kazi hiyo iliniangukia mimi, na sikuwa na hamu nayo hata kidogo.

Alikufa Jumamosi asubuhi, kwenye mashindano ya shabaha ya yadi elfu moja, mimi nikiwa meza ya pili kutoka kwake. Alifyatua risasi ya kwanza ya boksi jipya, bunduki ikapasuka usoni mwake. Sitasema zaidi ya hapo. Dakika moja kabla nilikuwa namtania, "Mzee, leo ukinishinda nakula kofia yangu," naye akajibu bila kugeuka, "Tia na chumvi, Merle, usije ukakabwa."

Siku ya mazishi wanaume wa klabu yetu ya shabaha walinong'ona huku wakitafuna pai ya mjane. Eti uzee. Eti mikono ilishaanza kumtetemeka, alijaza baruti mara mbili. Hawa hawa walikuwa wakimpigia magoti miaka thelathini awafundishe. Nilitamani kuwamwagia kahawa vichwani.

Jumanne nikaenda nyumbani kwake. Mkewe, Ardith, alinifungulia mlango wa chumba cha chini, halafu akasimama ngazini.

"Shemeji, ukimaliza nataka uniambie kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Kama alikosea." Alikuwa anaivuta vuta aproni yake. "Mwezi wa nne aliweka funguo za gari kwenye friji. Mara mbili ameniita kwa jina la dada yake. Daktari aliniambia nizifiche bunduki. Sikuzificha, Merle. Ningemnyima nini tena, mtu mwenyewe raha yake ni hiyo moja? Sasa ukikuta alikosea, mimi ndiye niliyemuua. Usinifiche, na usinionee huruma."

"Nitakwambia kweli," nikasema. Ulimi hauna mfupa.

Daftari la Harlan lilikuwa wazi mezani, na kalamu yake nyekundu juu yake. Kila boksi alilojaza maishani limeandikwa humo: tarehe, baruti gani, uzito gani, hewa ilikuwaje siku ya kulenga. Makosa yake aliyaandika kwa wino mwekundu. *Simu ililia, nikasahau nilipofika, nimemwaga zote, nimeanza upya.* Sijawahi kumjua mtu mwingine aliyejishtaki mwenyewe namna hiyo.

Boksi lile lilikuwa na risasi hamsini. Zilibaki arobaini na tisa. Nikachomoa kichwa cha ya kwanza, nikaimimina baruti kwenye mizani yake, ile inayostuka hata ukiongeza punje moja. Uzito ulikuwa uleule wa daftarini. Ya pili vilevile. Kufika ya kumi nikaanza kutabasamu, kufika ya thelathini nilikuwa nalia kwa fahari. Zote sawasawa, mikono ya mzee wa miaka sabini na minne! Nikainuka nipande ngazi nimwambie Ardith.

Nikakaa tena. Kama mikono haikukosea, bunduki ilipasuka kwa nini?

Nikachukua kioo cha kukuzia. Baruti ya Harlan ina punje ndefu. Kwenye sahani ya mizani kulikuwa na punje ndefu chache, na nyingi fupi. Rangi ni moja. Bila kioo huwezi kuzitenganisha. Fupi ni baruti ya bunduki ndogo, inawaka kwa hasira. Ukiijaza kwenye ganda kubwa kama la Harlan, umejaza bomu.

Harlan hakuwa na bunduki ndogo. Mimi ninayo.

Mwaka huu baruti ilikuwa adimu, maduka yote rafu tupu, na kopo la Harlan lilikuwa limebaki robo. Mimi nilikuwa na akiba ya baruti ileile ndani ya chupa ya matango ya siki. Siku moja yeye akiwa kwa daktari wa meno, Ardith alinifungulia, nikaimimina yote kwenye kopo lake nikamwachia kikaratasi. Angekuwa mtu mwingine, Harlan angelimwaga kopo zima bustanini bila kufikiri mara mbili. Kwa kuwa ni mimi, hakuuliza.

Niliendesha hadi nyumbani. Chupa ya pili, ile ya bunduki ndogo, ilikuwa rafuni. Nikaifungua: punje ndefu. Majina niliyaandika kwenye vifuniko, mimi mpumbavu, si kwenye chupa. Siku fulani nilifungua zote mbili mezani kwa pamoja, jambo ambalo Harlan alinikataza tangu nikiwa kijana, nikavirudisha vifuniko vikiwa vimebadilishana.

Niliporudi kwa Harlan nilikaa muda mrefu nikilitazama lile kopo. Desturi yenyewe ilikuwa upande wangu: mwaga yote kwenye waridi za Ardith, mwambie chuma cha bunduki kilichoka, mambo ya chuma. Yeye angepona, na mimi ningepona. Niliogopa sana, sitakudanganya. Nikafungua risasi zilizobaki, nikazipima zote, kisha nikachukua ile kalamu nyekundu. Chini ya boksi lake la mwisho nikaandika: *Uzito sawa, zote arobaini na tisa. Baruti si yake. Niliimimina mimi, Merle Stroup.*

Nikampelekea Ardith daftari jikoni. Akavaa miwani.

"Hakukosea," akasema.

"Hakukosea hata punje moja."

Mabega yake yakashuka. Akavuta pumzi, nikaona uso wake unafunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Asante, Merle," akasema, na alimaanisha. Nilitamani anipige.

Kisha akasoma tena, polepole, kidole kikifuata maneno, mpaka kikasimama kwenye jina langu. Akainuka, akaenda kwenye friji, akabandua kikaratasi kilichokuwa mlangoni chini ya sumaku, akakiweka kiganjani mwangu. Mwandiko ulikuwa wangu. *Mzee, nimekujazia kopo. Ileile yako. Ukinishinda usiniringie.*

"Alikuwa anakisoma kila asubuhi akichukua maziwa," Ardith akasema. "Anacheka peke yake. Nenda nacho, shemeji, na usirudi tena hapa."