Shibiri ya Mama Verediana

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi, Merina alifungua mchoro wa nyumba ya Mzee Zefania akakuta kuta zote nyeupe pee. Si nyeupe ya chokaa wala ya rangi, bali nyeupe ya kitu ambacho hakipo. Akafunga, akafungua tena, mambo yaleyale. Programu ikamwekea orodha ndefu ya picha ilizozitafuta ikazikosa, thelathini na moja kwa jumla, na ya kwanza kabisa ilikuwa ile aliyoipa jina la Verediana. Mzee mwenyewe alikuwa anakuja saa nne.

Hapa inabidi niwaeleze jambo, maana wengine mnadhani kazi ya mchora ramani ni kuvuta mistari basi. Ofisi ya Merina iko Kasingirima, chumba kimoja kando ya duka la vifaa vya umeme, na watu wanazipita ofisi za wenzake kumfuata yeye kwa sababu moja tu: nyumba zake kwenye skrini zinafanana na nyumba za hapa. Programu hizi zinakuja na kuta za huko zilikotengenezwa. Mwonyeshe mtu wa Ujiji matofali yale, atayaangalia kwa adabu, kisha atakuuliza hiyo nyumba iko nchi gani. Basi Merina akaanza kuzunguka na simu yake akipiga picha kuta za kwetu: tofali la kuchoma lenye masizi upande mmoja, jiwe la ziwani, ripu iliyochanwa kwa ufagio wa chelewa. Kila picha anaikata kingo, anaisawazisha mwanga, anaifanya iweze kujirudia ukutani bila kuonyesha mshono, kisha anaiambia programu kipande kile kina upana gani hasa. Yeye anaziita ngozi za kuta, na sisi tumezoea hivyohivyo.

Ubaya wa programu hii ni kwamba haiibebi picha yenyewe. Inakumbuka tu picha iliwekwa wapi. Ukiihamisha au ukiipoteza, ukuta unabaki uchi.

Na nani aliipoteza? Yeye mwenyewe, tusimtafute mchawi. Alhamisi kompyuta yake ilikuwa imezeeka vibaya, akampelekea fundi Onesmo abadilishe diski. Onesmo ni mtu makini, alimuuliza ahamishe nini, na Merina, simu sikioni akibishana na mteja, akasema folda ya ramani inatosha. Onesmo akauliza mara ya pili. Merina akamjibu kwa kuinua kidole gumba. Folda ya ngozi za kuta ilikuwa kando, haikuhamishwa, na diski ya zamani ikafutwa ikauzwa jioni ileile. Kazi ya miaka mitatu ilikwenda kwa kidole gumba.

Zile thelathini angeweza kuzipiga upya, maana matofali bado yapo na mawe bado yapo. Ila ukuta wa Mama Verediana haupo tena duniani.

Mzee Zefania anakaa Katonga, karibu kabisa na maji. Wazazi wake walivuka kutoka upande wa Kongo, na yeye amevua dagaa ziwa hili hadi mgongo ukakataa. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, lakini kila mwaka mvua zikiisha mkewe, Mama Verediana, aliisiriba upya kwa mikono yake: udongo mwekundu chini, udongo mweupe juu, na pale unapokutana anapitisha vidole vinne akichora matao, moja linalalia jingine, kuzunguka nyumba nzima. Watu waliokuja kwenye mnada wa dagaa walikuwa wanasimama kuangalia. Mwaka jana mama yule alifariki. Mwaka huu ziwa likapanda, likaingia uani, ukuta wa mbele ukalainika ukaanguka majini. Mzee akajibanza vyumba viwili vya nyuma na kusema hatoki.

Binti yake Shukrani alijaribu kila njia. Kiwanja kilikuwepo huku juu, Kasingirima, na tofali zilikuwepo. Alilia, alinuna, alimleta mchungaji, na mzee anawapokea vizuri, anawapa dagaa, anasema hatoki. Mwisho wa yote alisema neno moja la masharti: atahama siku akiona kwa macho yake nyumba mpya ina ukuta wa mama yao. Mwashi, Selestini, akasema ripu ya namna hiyo anaweza kuiiga, ilimradi aone anaiga nini. Ndugu wakapekua simu zote. Kulikuwa na picha za harusi na za ubatizo, watu wamejipanga bega kwa bega, ukuta nyuma yao giza tupu. Nani anapiga picha ukuta?

Merina anapiga. Miaka miwili nyuma alifika kwa Mama Verediana na simu yake, akakaribishwa, na alipotaka kupima akagundua futi kaisahau ofisini. Mama yule akacheka. Akasema yeye nyumba hii yote kaipima kwa shibiri, na shibiri yake ni inchi nane kamili, kaulizwa na mafundi tangu ujana wake. Akaunyoosha mkono juu ya matao, kidole gumba huku, kidole kidogo kule, akatulia hadi picha ikalia. Merina alichukua kipimo kutoka kwenye mkono huo, kisha kwenye kompyuta akaukata, maana ngozi ya ukuta haitakiwi iwe na mkono wa mtu.

Wingu lilikuwa zito juu ya milima asubuhi hiyo. Mvua zikija kwa nguvu, vile vyumba viwili havitamaliza wiki, na kila mtu Katonga alilijua hilo. Merina alikaa mikono kichwani. Ndipo akakumbuka kitu: simu aliyopigia picha zile hakuiuza. Alimpa dada yake Dainess, aliyeolewa Kalinzi kule milimani, pamoja na kadi yake ndani.

Akapiga. Dainess alikuwa shambani anachuma kahawa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mdogo wangu," alisema, "kuta zako nilizifuta wiki iliyopita. Simu ilikuwa imejaa, hata picha ya mtoto haiingii."

Merina hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi, na yeye alifuta zake kwa kidole gumba? Akamwomba tu aangalie tena, picha moja moja, asiache hata moja. Dainess akasema simu ile iko nyumbani inachajiwa, hapa anaongea kwa ya mumewe, ngoja apande.

Saa nne kasoro dakika kumi Mzee Zefania akaingia, kavaa koti lake la kanisani, Shukrani kamshika kiwiko. Akamsalimu Merina kwa Kiha, mwakeye, yaani za asubuhi, kumtania kama anavyomtania siku zote, na Merina akajibu shikamoo. Akawapa viti. Alifikiri kusema umeme umekatika. Feni ya dukani inasikika ikizunguka, atamdanganya nani? Basi akageuza skrini akawaonyesha nyumba nyeupe, akaeleza yote, na Onesmo hakumsingizia.

Shukrani akafunika uso kwa kitenge. Mzee akaitazama nyumba ile muda mrefu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Merina zaidi. Akasema ni nyumba nzuri, madirisha ni mazuri, asante mwanangu, na akaanza kutafuta fimbo yake anyanyuke arudi zake Katonga.

Simu ikaita.

Dainess alikuwa anahema, kapanda hadi juu kwenye mtandao. Kuta zote kweli zimekwenda, alisema, ila imebaki moja. Hiyo aliifikia siku ile akaiacha.

"Kwa nini uliiacha?" Merina aliuliza.

"Ina mkono wa mtu. Ukuta nafuta, mtu simfuti. Sijui ni nani, pengine keshakufa, mimi nitajuaje?"

Merina akavuta kiti karibu na kompyuta. Akamwelekeza dada yake aitume kama faili, asiitume kama picha za kawaida, isije ikapunguzwa ikawa ukungu. Ikachukua dakika kumi na tatu kuingia. Mzee alikuwa ameketi tena, fimbo kati ya magoti, hajui hata anasubiri nini, ila ameona uso wa Merina umebadilika.

Ikaingia, kubwa na safi. Kwa haraka aliyokuwa nayo Merina hakuikata wala hakuisawazisha. Aliitupia ukutani hivyohivyo, akaweka kipimo, akabonyeza. Sasa nanyi mnajua ngozi ya ukuta kazi yake ni kujirudia. Nyumba nzima, mbele, ubavuni, chini ya madirisha, ikajaa mikono ya Mama Verediana. Ilijipanga safu kwa safu, mikono arobaini na zaidi, yote imenyooshwa inapima shibiri.

Merina alitaka kuifunika skrini kwa aibu. Lakini mzee alikuwa tayari ameona. Alisogeza kiti, akainama, na kitu kikaanza kumtikisa mabega, Shukrani akadhani analia akamwahi. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akatoa kitambaa akafuta macho, na katikati ya kicheko ndiyo, alilia pia kidogo, wala hakuficha.

"Huyu ndiye mwenyewe," alisema. "Nyumba nzima ilikuwa hivi. Ukigeuka huku yupo, ukigeuka kule yupo."

Merina akaanza kuomba radhi, akasema ataikata sasa hivi, dakika mbili tu, yabaki matao peke yake kama yalivyokuwa. Mzee akamzuia. Akauliza kama anaweza kuacha mmoja, na Merina akasema anaweza. Akaondoa mikono mmoja mmoja huku mzee akielekeza, huo toa, huo toa, hadi ukabaki mmoja kando ya mlango, usawa wa bega la mwanamke. Matao yalizunguka nyumba yote, mekundu chini na meupe juu, inchi nane kwa inchi nane.

"Hapo," alisema Mzee Zefania. "Alikuwa anajishika hapo akivua viatu."

Akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyebeba mzigo kutoka ufukweni hadi mjini bila kupumzika. Kisha akamgeukia binti yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba hawajawahi kugombana miezi sita juu ya jambo hilo, akamwambia atafute gari Jumatatu. Atakaa kwa Shukrani wakati Selestini anajenga. Vyombo vyake si vingi.

Shukrani akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya dereva. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati la ofisi, na kwa mara ya kwanza msimu ule hakuna hata mmoja wao aliyeinua macho kuangalia.