Vidole Kumi vya Agnetha

Siku ya tatu ya matanga Asnath alikuwa jikoni kwa mkwewe Vedasto, pale Kaliua, akichochea moto usiohitaji kuchochewa. Mama huyo alikuwa mzee wa kanisa la Moravian huko Tabora, na watu walimjua kwa maombi yake marefu. Lakini tangu wamzike Agnetha, binti yake wa pekee, kila akianza "Ee Baba" aliishia hapo hapo, bila maneno.

Uani wanajumuiya wa Kikatoliki walikuwa wakimsalia marehemu rozari. Asnath hakuipenda asilani. Agnetha alipobadili dhehebu ili aolewe na Vedasto, mama mtu alisusa harusi. Kumwomba Maria, mwanamke mwenzangu, alisema, siwezi. Akajiona amemtetea Mungu.

Ila si harusi iliyomtafuna sasa. Alipofika kwa treni kumuuguza Agnetha, aliikuta rozari ya shanga za mbao mkononi mwa mwanawe. Akaichukua mgonjwa akiwa usingizini, akaifunga kwenye pindo la kanga. Agnetha alipoamka aliipapasa shukani, wala hakuuliza. Akaanza kuhesabu sala kwa vidole, midomo ikimcheza, kumi, kisha tena kumi, mpaka akakata roho. Na Consolatha, kiongozi wa jumuiya, alipoiulizia ili wamshikishe marehemu jenezani, Asnath alijibu hajaiona.

Jioni hiyo, akiwa pale jikoni, aliisikiliza sala ya uani, maana hakuwa na pa kukimbilia. Maneno yalikuwa yale yale, yanakwenda na kurudi. Zamani angeyaita porojo. Leo aliona kuwa hata mtu aliyeishiwa maneno angeweza kuyasema. Walimsihi Maria awaombee sasa na saa ya kufa kwao. Kumbe ndicho Agnetha alichokuwa akiomba. Na aliyeombwa alikuwa mama aliyesimama akimtazama mwanawe akifa, ila yeye hakumnyang'anya mwanawe kitu.

Asnath akatoka, akapiga magoti mkekani, akafungua pindo la kanga, akaiweka rozari mbele yao. Sala ikakatika.

"Nilikuwa nayo mimi," alisema. "Nilimnyang'anya."

Vedasto aliinamisha uso. Consolatha aliiokota rozari, akamtilia Asnath kiganjani.

"Ishike, Mama Agnetha. Tuendelee."

"Hapana. Hii kesho tutaifukia kaburini kwake." Asnath alimkabidhi Vedasto rozari, akakunjua vidole vyake kumi. "Mimi nifundisheni maneno. Nitahesabu kwa hivi."