Ruhusa ya Siku Arobaini

Gai Rong alikuwa karani wa kituo cha barua za serikali, huko mpakani ambako dola ya Han inaishia na mchanga unaanza. Kila barua ya mbao iliyopita aliukagua mhuri wake wa udongo, akaandika saa na hali yake, akamkabidhi tarishi. Basi. Miaka minane hiyo, na wa kuongea naye ni tarishi mmoja tu, mzee Tuo, mwenye mdomo mwepesi kuliko miguu.

Vuli hiyo ndugu yake akamletea habari: mama hali chakula tena, anakuita wewe tu. Rong akaomba ruhusa. Lakini ombi la karani haliendi moja kwa moja kwa liwali, kusini. Ati lazima lianze kwa kamanda, ngomeni kaskazini, mwendo wa siku mbili. Likaenda kaskazini, likarudi, likampitia Rong mwenyewe likielekea kusini. Akaliorodhesha kama la mtu baki.

Mwishowe jibu la liwali likafika. Juu yake: Kwa kamanda. Kuhusu karani Gai Rong.

"Si ndilo hilo!" Tuo akaruka. "Fungua, mwanangu!"

"Ni la kamanda, mzee."

"Kwani mama anayeumwa ni wa kamanda? Nitasema nimeanguka nalo."

"Mhuri ukivunjika mkononi mwangu ni viboko, na kazi sina."

"Mtu wa ajabu wewe! Jina lako hilo hapo!"

Rong akaugusa udongo kwa kidole gumba. Ulikuwa mkavu, wa kuvunjika kama ganda la yai. Alitamani kumwona mama yake. Kisha akaandika: mhuri mzima. Tuo akasonya, akaondoka nalo.

Kumbe kamanda ametoka kukagua minara ya ulinzi, na barua yake haifungui mwingine. Siku thelathini nzima ikakaa ngomeni. Rong alikunywa uji wake wa mtama peke yake. Kila siku ya tano, ile ambayo makarani hupumzika waoshe nywele, alikaa kizingitini zikauke, macho njiani. Nyumbani, mama ndiye aliyekuwa akimchana.

Tuo aliporudi hakutania. Safari hii barua ilikuwa ya Rong. Akauvunja udongo kwa mikono miwili.

Karani Gai Rong amepewa ruhusa akamwone mama yake, siku arobaini, kuanzia siku liwali alipoandika jibu lake.

Akahesabu kwa vidole. Sita kutoka kwa liwali, mbili kwenda ngomeni, thelathini za kumngoja kamanda, mbili kurudi.

"Wamekubali?" Tuo akauliza.

"Wamekubali."

"Sasa umekaa nini? Funga mzigo!"

"Inaisha leo, mzee."

Tuo akakaa chini. Rong alilia bila kujificha. Kisha akavuta kalamu, maana sheria inataka mwenye ruhusa aandike siku aliyorejea.

Imepokewa adhuhuri, akaandika. Mhuri mzima. Karani amerejea kazini kwa wakati.