Sifuri Hadi Tano

Mkamwana alikuwa anafunga virago vya mama mkwe wake wodini, roho mkononi. Leo wanaruhusiwa kwenda nyumbani, na hadi dakika hiyo hakuna aliyemfundisha namna ya kumtoa mgonjwa kitandani na kumkalisha kitini. Mama mkwe alikuwa amepooza upande mmoja, na mwili wake ulikuwa wa haja. Wiki iliyopita walijaribu wenyewe, wakaishia sakafuni wote wawili, na wa chini alikuwa mkamwana. Kila alipomuuliza nesi wa zamu, ambaye wodi nzima ilimwita Bi Chapuchapu, alijibiwa na kisogo kinachokwenda zake: "Utazoea, dada!"

Ndipo akaingia mtafiti, kijana nadhifu mwenye tai.

"Tunapima jinsi wahudumu wa afya wanavyowasaidia ndugu wanaouguza," alisema. "Utatoa alama, sifuri hadi tano. Je, ulifundishwa kumhudumia mgonjwa nyumbani?"

"Tano!" alidakia mama mkwe.

"Samahani mama, namuuliza anayekuuguza."

"Huyu mkwe wangu. Nikijibu mimi, amejibu yeye. Tano!" Kisha akamnong'oneza mkamwana, mnong'ono wa kusikika hadi getini: "We, sindano ya mwisho bado sijachomwa. Unataka nichomwe kwa hasira?"

Mkamwana alikuwa mtu wa kumeza maneno, na katika nyumba ile alishameza ya kumshibisha. Lakini leo maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Andika sifuri," alisema.

Bi Chapuchapu, aliyekuwa anapita na trei, akasimama. Wodi ilikuwa haijawahi kumwona amesimama.

"Sifuri ya nini tena, mpenzi? Si nilikuwa nakuja kukuonyesha sasa hivi?"

Mpenzi! Kabla mkamwana hajalimeza hilo, nesi alishamlaza mtafiti kwenye kitanda kitupu cha jirani, viatu na tai yake.

"Kwanza mkalishe ukingoni, nyayo zikanyage chini. Magoti yako yakinge yake. Kunja magoti, mgongo usiupinde. Akuegemee, usimbebe."

Mkamwana akamwinua mtafiti, akamkalisha. Akarudia. Kijana alipoanza kuhema, akahamia kwa mama mkwe mwenyewe, na bibi yule akatua kitini taratibu, hata kanga haikumteremka. Mkamwana alifurahi mpaka akapiga makofi peke yake.

Mtafiti akaokota kalamu, tai imehamia kisogoni. "Sasa tuseme ngapi?"

"Mbili. Ingekuwa juzi, ningempa tano."

"Nne!" alisema mama mkwe, akimwangalia nesi kwa jicho la kuomba radhi.

"Mbili, mama."

"Basi, swali la mwisho," mtafiti aliharakisha. "Kuna mtu yeyote aliyewahi kukuuliza wewe mwenyewe unaendeleaje?"

Bi Chapuchapu akaanza kupanga dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Wote wakasubiri tano ya mama mkwe. Haikuja.

"Andika sifuri," alisema mama mkwe hatimaye, kwa sauti ndogo. "Na mimi uniandike humo humo, pamoja na hao manesi."

Akaushika mkono wa mkamwana kwa mkono wake mzima.

"Mgongo wako je, mwanangu?"

"Haujambo, ma..." alianza mkamwana kwa mazoea, akakwama. Machozi yakamtangulia. "Unauma, mama. Unauma sana."