Kidole cha Luvenia

Msichana wa soda ya Merrivale yupo kwenye ukuta wa duka la dawa tangu 1911: kofia pana, shavu jekundu, glasi mkononi. Aliyemchora ni baba yangu, Cleophus Teague. Soda yenyewe, iliyouzwa humo dukani, aliuziwa kwenye dirisha la nyuma kama weusi wote; kaunta ya kunywea ilikuwa ya Wazungu. Linaniuma hadi leo, na sitajifanya haliniumi.

Kampuni ilileta mchoro wa karatasi yenye vitobo. Unaibandika, unaipiga vumbi la mkaa, mistari inatokea ukutani. Kipande cha mkono kililowa mvua kikachanika, basi baba akamshikisha mama glasi. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda tangu kuzaliwa. Baba akakichora vilevile, akakipaka rangi ya Kizungu.

"Hawataona?" mama, Luvenia wake, aliuliza.

"Wataona shavu tu, mke wangu. Nani akikodolee macho kidole?"

Kweli, miaka sitini hawakuona. Mama alifariki nikiwa mdogo, kisha nyumba ikaungua na picha zake zote. Nikimkumbuka, naenda kuutazama ule mkono.

Mwaka huu mji ukaamua msichana apakwe upya. Nilipofika, fundi Pruitt, Mzungu mnene, alikuwa juu ya ngazi, ameshachora kwa chaki kidole kilichonyooka.

"Bwana Pruitt, hicho kidole kiache."

"Kimekosewa, Bibi Ozella. Aliyechora alikuwa na haraka."

"Alikuwa baba yangu! Haraka hakuijua. Chakula chake kilipoa kila siku ya Mungu."

Akacheka. "Karatasi ya kampuni hii hapa, kidole kimenyooka. Nikikipinda watasema nimelewa."

Nikaiokota glasi yake ya soda chini ya ngazi, nikaiinua. Kidole changu cha mwisho kikajipinda, kama kawaida yake.

Pruitt akanitazama, akautazama ukuta, akanitazama tena. Akachukua kitambaa akafuta chaki.

"Usishushe, bibi," akasema, akaanza kuchanganya rangi.

Jua likapanda. Waliokuwa wakiingia dukani, kwa mlango wa mbele, weusi na weupe, waliuliza nafanya nini.

"Nimeshika glasi," nikawajibu.

Mkono uliniuma mpaka begani. Nilikuwa sijui lolote alilowahi kulihisi mama. Sasa nikajua moja. Sikuushusha.