Mwavuli Wangu na Filimbi ya Mkwe

Neno lilinifikia sokoni Keumbu nikichagua ndizi, na lilitoka kwa Kemuma muuza njugu, kwa hiyo ningepaswa kujua ni uvumi. Aliinama kama anayepanga mkungu, akaniuliza, "Mama Cynthia, ni kweli Baba Cynthia amempunguzia yule kijana wa Gesima ng'ombe wa mahari, ili Jumapili awapatie vijana wetu penalti?"

"Yaya, hapana!" nikamwambia. "Huo ni uongo mtupu."

"Hata mimi nimewaambia ni uongo," akasema. "Lakini wanasema kila penalti ni ng'ombe mmoja."

Ninaandika haya kwa wamama wenzangu walio na msichana wa kuolewa na kijana wa kucheza, ili yasiwapate yaliyonipata.

Msichana wangu Cynthia ameposwa na Ogeto, kijana wa Gesima, huko Nyamira. Siku za kazi Ogeto ni fundi wa pikipiki. Jumapili ni refa wa raga, si ile ya kawaida, ni ile ya ligi, ya watu kumi na watatu kila upande, ambayo vijana wetu wameianza juzi juzi tu. Kijana wangu Mogire anachezea Keumbu. Walikuwa wacheze na Nyacheki, na atakayeshinda aende fainali Kisii mjini. Refa alitafutwa mtu asiye wa Keumbu wala wa Nyacheki, wakampata Ogeto. Hakuna aliyekumbuka kwamba ni mkwe wa Keumbu, mpaka Kemuma alipokumbuka.

Sasa baba yake Ogeto ni Mzee Ongeri, mzee wa kanisa. Huyo akizidishiwa chenji Keroka, anapanda kilima kwa miguu kuirudisha. Jumapili iliyofuata mechi alikuwa aje kwetu na wazee wenzake kumaliza maneno ya mahari. Nilijua akisikia mahari ya kijana wake inalipwa kwa filimbi, hatakuja, na Cynthia wangu atabaki na aibu ya kuachwa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilikuwa nachuma chai, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na masikioni ni kila penalti ni ng'ombe, kila penalti ni ng'ombe.

Jioni nikamwita Cynthia jikoni.

"Mwambie Ogeto mambo mawili," nikasema. "La kwanza, asitubebe. Hata Mogire akivunjwa pua, afadhali ajifanye hajaona. La pili, avae suruali ndefu. Mimi nitakuja uwanjani, na siwezi kutazama magoti ya mkwe wangu."

"Si ubaki tu nyumbani, mama?"

"Nikibaki watasema najua kitu."

Akatoka nje na simu, akarudi. "Amesema sare ya refa ni kaptula. Wakubwa wa raga hawataki suruali."

"Na lile la kwanza amesemaje?"

"Mama, maziwa yanamwagika," akasema, na kweli yalikuwa yanamwagika, nikasahau kuuliza tena.

Asiye wa kwetu pengine hajui habari ya ensoni. Ni heshima na aibu pamoja. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na mkwe hawezi kukaa mbele ya mama mkwe akiwa nusu uchi. Watoto wa siku hizi wanacheka. Lakini mimi nililelewa hivyo, na Mzee Ongeri pia, na nilisikia naye atakuja kutazama mechi.

Nikachukua mwavuli, ule mkubwa mweusi wa kwenda mazishini.

Jumapili jua lilikuwa kali, na mimi niko kando ya uwanja wa shule nimefungua mwavuli, si juu ya kichwa, mbele ya uso. Mpango wangu ulikuwa mzuri: Ogeto akija upande wetu, nateremsha mwavuli, akienda mbali, nauinua natazama mchezo. Jambo ambalo sikuwa nimelijua ni kwamba refa wa raga hakai mbali. Mahali mpira uko, yeye yuko. Kila kitu cha maana kilipotokea mimi nilikuwa natazama kitambaa cheusi. Nikiinua, naona vijana wako chini wanalia au wako juu wanashangilia, na sijui kwa nini.

"Usijali," Kemuma akasema, akaketi karibu yangu na kikapu chake cha njugu. "Nitakuambia."

Mogire alikuwa amenifundisha sheria kidogo. Mwenye mpira akiangushwa, lazima umwachilie asimame, aweke mpira chini, ausukume nyuma kwa mguu. Wengine wote warudi mita kumi. Wakiangushwa mara sita, mpira ni wa wenzao. Nikaona si vigumu, ni kama kituo cha kununua chai, karani akisema rudini nyuma ya mstari, mnarudi.

Filimbi ikalia.

"Nani?" nikauliza.

"Mogire wako," Kemuma akasema.

"Amefanya nini?"

"Hakuna! Ameanguka tu juu ya mtu."

Filimbi ikalia tena.

"Sasa ni nani?"

"Mogire. Ati hajarudi mita kumi. Mtoto amechoka, arudi na miguu gani?"

Ikalia, na ikalia. Watu wa Nyacheki walikuwa ng'ambo ya uwanja, na katikati yao mwanamke mmoja, Nyanchoka, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde lingine. "Mama mkwe!" akaita. "Funga mwavuli uone ng'ombe wako wakirudi nyumbani! Huyo mwingine anaingia boma!"

Uwanja wote ukacheka. Hata vijana wetu walicheka, na walikuwa wanapoteza.

Mwanzoni nilifurahi. Nikajiambia, Ogeto amesikia ujumbe, hatubebi, Mzee Ongeri anaona kwa macho yake. Lakini kufurahi kuna mwisho. Mogire alipojibizana na refa, alitolewa nje dakika kumi kupoa. Alikuja akaketi karibu na mwavuli wangu, matope ya mvua ya jana mpaka kwenye nyusi.

"Huyu jamaa anakuonea?" nikamuuliza polepole.

"Mama, wachana na mimi."

"Ni vile anaogopa watu watasema."

"Mama!"

Mogire akarudi ndani. Mvua ya alasiri ikaanza, ile yetu ya kila siku, na sasa nilikuwa mtu pekee mwenye mwavuli lakini bado umeshuka mbele, mgongo unalowa. Vijana wetu walijikaza. Karibu na mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja. Nyacheki wakaja na mpira mpaka karibu na milingoti yetu, wakaangushwa, wakaangushwa tena. Kisha nikasikia filimbi, kali kuliko zote.

"Kemuma?"

"Wee! Mogire!" Kemuma akapiga kelele. "Amemlalia mtu mbele ya milingoti! Penalti! Tumekwisha!"

Sikungoja. Sijui miguu ilitoka wapi. Niliingia uwanjani na mwavuli wangu, na njiani mwavuli ulimgusa kijana mmoja wa Nyacheki kwenye sikio. Nasema ulimgusa. Wanaosema nilimpiga hawakuwa karibu.

Nilipofika katikati ndipo nikakumbuka mimi ni nani. Ogeto aliniona. Akageuka mara moja, akanipa mgongo, akainamisha kichwa, na mikono akaishusha kufunika magoti. Mimi nikaweka mwavuli katikati yetu. Siwezi kumsemesha, hawezi kunisemesha, na wachezaji wote wanatungoja kwenye mvua. Mogire alikuwa bado chini kwenye matope.

"Mogire," nikasema, "mwambie refa mama yako anauliza umekosa nini."

"Mama, toka uwanjani."

"Mwambie!"

Akashusha pumzi. "Refa, mama anauliza nimekosa nini."

"Mwambie mama," Ogeto akasema akitazama vilima, kwa sauti ya heshima kabisa, "hujakosa kitu. Aliyekosa ni wa Nyacheki. Ameangushwa, na badala ya kusimama akaanza kutambaa mbele na mpira. Penalti ilikuwa ya Keumbu."

Nikatazama nyuma. Kemuma alikuwa anatafuta kitu ndani ya kikapu cha njugu.

"Muulize," nikasema, "kwa nini anasema ilikuwa."

"Mama anauliza kwa nini ilikuwa."

"Mwambie mama," Ogeto akasema, "mtu wa upande wa Keumbu ameingia uwanjani kubishana na refa, na amempiga mchezaji kwa mwavuli. Kwa hiyo naigeuza penalti."

Mogire hakuhitaji kunitafsiria hayo.

Ogeto hakuninyooshea kidole. Hilo watu wote wa Keumbu ni mashahidi. Mgongo wake ukiwa kwangu vilevile, alinyoosha mkono mmoja kuelekea upande wa Nyacheki, mwingine akabaki nao juu ya goti. Nyacheki wakapiga mpira ukapita katikati ya milingoti, pointi mbili. Filimbi ya mwisho ikalia. Tulipoteza kwa pointi moja, na pointi hiyo ni yangu.

Nilirudi kando na kumkuta Mzee Ongeri amesimama na mume wangu Zachariah chini ya paa la darasa. Nikasimama mbali, nikashusha mwavuli, nikasikiliza tu.

"Zachariah," Mzee Ongeri akasema, "niliambiwa huku kwenu penalti ni ng'ombe."

"Hata mimi niliambiwa," mume wangu akajibu. "Ng'ombe wenyewe sijawaona."

"Basi hii ya leo, aliyompigia mama mkwe wake, ni ng'ombe wa nani?"

Zachariah akafikiri. "Hiyo labda anatudai sisi."

Mzee Ongeri alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakausha macho, akasema maneno ambayo sitayasahau. "Kijana wangu hakumtazama. Hakumwelekezea kidole. Na hakumwogopa. Jumapili tunakuja."

Nyumbani nikamwambia Cynthia, "Lakini uliwaza nini kumwambia Ogeto asitubebe hata kidogo? Angalia vile alimfinya ndugu yako."

"Mama," akasema, "mimi nilimwambia habari ya suruali peke yake. Hilo lingine sikumwambia. Nimwambie refa awe refa?"

Nikamgeukia Mogire. Alikuwa anaosha viatu, hakuinua kichwa. "Nilikuwa nawalalia," akasema. "Zote zilikuwa zangu."

Wazee walikuja, wakala, wakakubaliana. Mimi nilibaki jikoni, nikipitisha sahani mlangoni bila kutoka, na Ogeto alikuja na suruali ndefu na koti. Sokoni Kemuma anasema sasa ati Nyacheki ndio waliomnunua refa, lakini wanaomsikiliza wamepungua. Uwanjani wamezungushia kamba. Vijana wanaiita Kamba ya Mama Cynthia, na Mogire ndiye aliyefunga mafundo.

Kwa hivyo, mama mwenzangu, haya uyaepuke:

Usiende kutazama mechi ambayo refa ni mkwe wako, hata ukiitwa.

Usimtumie refa ujumbe, wa kumwambia abebe wala asibebe.

Usikubali kuelezwa mchezo na mtu aliyeleta uvumi wa mchezo huo.

Usihesabu penalti za mtoto wako kabla hujamuuliza yeye mwenyewe alifanya nini.

Usivuke mstari filimbi ikilia. Pengine imelia kwa ajili yenu.

Usibebe mwavuli mkubwa.

Usinunue njugu kwa Kemuma, ziliingia maji ya mvua siku ile na bado anaziuza.