Nyumba ya Ryoba

Mtu wa kwanza kunitia aibu kuhusu ukoo wangu alikuwa Abdirashid, mwenye duka la fotokopi pale Migori mjini. Nilimpelekea cheti cha ubatizo cha baba yangu anitolee nakala, naye kwa ule mdomo wake usiojua kupumzika akaniuliza, "Mwalimu, wewe unaweza kutaja mababu wangapi?" Nikamwambia mmoja. Akaweka mkono kifuani akaanza: Abdirashid wa Mohammad wa Nur wa Farah, akaendelea hivyo mpaka mashine ikamaliza kazi na yeye hajamaliza. Ishirini na wawili! Bila karatasi! "Nilifundishwa kabla sijajua kufunga kamba za viatu," akasema. Nikamlipa nikatoka bila kumuaga. Sipendi kushindwa, na zaidi sipendi kushindwa na mtu anayejua ameshinda.

Ukweli ni kwamba alinigusa penye kidonda. Mimi ni Robi Nchagwa, mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu mwaka jana. Naishi Rangwe, katika boma la marehemu mume wangu, Ogweno. Mungu hakutupa mtoto. Mama yangu alikuwa Mjaluo wa hapa hapa, na baba, Nchagwa, alikuwa Mkuria aliyekuja na kampuni ya kujenga barabara, akamwoa mama, akafa mimi nikiwa na miaka tisa. Nilikua kwa Kijaluo. Kikuria sijui hata salamu. Kwa upande wa baba niliachiwa jina langu, kile cheti cha ubatizo, na maneno machache tu: kwamba babu yangu aliitwa Ryoba, na mama yake baba aliitwa Boke.

Nilipokuwa kazini sikuwaza hayo. Ukiwa na watoto sitini darasani, upweke utautoa wapi? Nilipostaafu ndipo nyumba ikanyamaza. Nikinunua mkate, nusu yake hukauka. Nikaanza kugombana na wasomaji wa habari kwenye televisheni, nawasahihisha Kiswahili chao kwa sauti, na siku moja nikajikuta nangoja mmoja wao anijibu. Hapo nikajiambia, Robi, umekwisha. Watu wa Ogweno si wabaya. Huniletea omena, hunialika kwenye matanga. Lakini kwao mimi ni mke wa Ogweno, na Ogweno hayupo. Nilitaka mtu mmoja tu wa upande wa baba, hata awe mlevi, hata awe mwizi wa kuku, anitazame usoni aseme: huyu ni wetu.

Ndipo nikanunua kaunta buku yenye jalada gumu, nikaamua kuandika ukoo. Nilianza na nilioujua, wa Ogweno. Benta, dada yake mume wangu, alikuja jioni tatu mfululizo kunitajia majina huku akinimalizia sukari, nami nikayaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni: nani alizaliwa lini, nani alikufa lini, mistari nimepiga kwa rula. Kurasa tisa zikajaa. Kisha nikafungua ukurasa wa kumi, nikaandika "Ryoba" juu kabisa, na chini yake sikuwa na la kuandika.

Basi nikaanza safari za Kehancha, kwa Wakuria. Nilikwenda mara nne. Kila mahali niliuliza swali moja: kaburi la Ryoba liko wapi? Nilijua nikipata kaburi nitapata boma, na nikipata boma nitapata watu. Mzee mmoja sokoni akaniambia Ryoba alihamia Tanzania. Mwingine akasema Ryoba alikuwa "mtu wa zamani sana," kana kwamba hilo ni jibu. Mama mmoja alicheka, akasema anakwenda kuangalia sufuria, na mpaka leo anaiangalia. Nikadhani wananiogopa, ati nimekuja kudai shamba. Nikawaambia wazi kwamba shamba ninalo na hilo lenyewe kulipalilia kunanishinda. Wapi! Watu waliniitikia kwa heshima, wakanipa soda, wakanisindikiza hadi stendi.

Mara ya tano nilimwonyesha karani wa kanisa nakala ya cheti. Kiliandikwa hivi: Nchagwa, mwana wa Ryoba na Boke, nyumba ya Weisiko. Karani akaweka kidole kwenye lile jina la mwisho, ambalo mimi nilidhani ni la kijiji. "Huyu Weisiko ana binti bado yuko hai," akasema. "Nyanya Mogesi. Si mbali."

Jameni, nilitembea siku hiyo kama msichana.

Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mwanamke wa miaka tisini na kitu, macho yamefifia lakini mgongo umenyooka. Mkaza mwanawe, Mellen, mama wa makamo kutoka Kisii, alikuwa akichambua maharagwe. Nilijitambulisha. Nikasema natafuta watu wa baba yangu, Nchagwa wa Ryoba.

Mogesi akanishika uso kwa mikono miwili. Alikuwa amefanya biashara Isebania, mpakani, miaka mingi, Kiswahili chake kilikuwa kizuri. "Nchagwa alizaa?" akauliza. "Nchagwa alizaa na hamkuniambia? Mellen, weka chai! Huyu ni mtoto wa nyumba ya kaka yangu."

Kaka yangu! Kumbe Ryoba alikuwa kaka yake kabisa, wa tumbo moja! Nilifungua kaunta buku. Nikamwomba anieleze kila kitu cha Ryoba, alizaliwa lini, alikuwa mrefu au mfupi, na kaburi lake liko wapi.

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Mjukuu wangu, Ryoba hana kaburi. Ryoba hakuzaliwa."

Nilidhani uzee unamchezea. Nikamtazama Mellen, Mellen akatazama maharagwe.

Mogesi akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kisimani. Mama yake, Weisiko, alizaa mabinti watatu, mtoto wa kiume hakupata. Nyumba isiyo na mwana, kwa Wakuria, inafungwa mwenyewe akifa. Kwa hiyo Mogesi alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake walipokuja, Weisiko hakuwaacha waliwe. Aliwachukua akaenda kuoa msichana, Boke, awe mke wa mwanawe. Msichana kama huyo huitwa mokamona, mke wa mwana. Na huyo mwana, ambaye hakuwahi kuwepo, alipewa jina: Ryoba. Watoto wa Boke wakawa watoto wa Ryoba.

"Na baba yangu alikuwa wa nani?" nikauliza.

"Wa Ryoba."

"Nyanya, si umesema hakuzaliwa?"

"Hakuzaliwa. Lakini nyumba yake ilikuwepo. Mimi nimefagia hiyo nyumba."

Nilisikia damu ikinipanda kichwani. Mwaka mzima wa kutanga na njia, mwaka mzima wa soda, natafuta kaburi la hewa! Nikamuuliza, na nilimuuliza kwa sauti ambayo nilizoea kuwauliza watoto nani amevunja dirisha: "Ni nani aliyelala na Boke?"

Mikono ya Mellen ikasimama. Mogesi akageuza uso upande wa barabara. "Hilo halikuulizwa," akasema. "Mama yangu hakuuliza. Mimi sikuuliza. Baba yako hakuuliza."

"Mimi nauliza. Nataka damu, sitaki jina. Nimetoka Rangwe kuja kutafuta babu, nyinyi mnaniambia mimi ni mjukuu wa ng'ombe!"

Hata nikiandika sasa masikio yananiwaka. Mogesi akasema, bila kupandisha sauti, "Hao ng'ombe ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilikwenda kwa mume ambaye sikuwa nimemwona hata siku moja, nikalia njia nzima, ili Boke aje. Ili wewe uje."

Mtu mwenye akili angepiga magoti. Mimi nilifunga kaunta buku, nikasema asante kwa chai ambayo sikuinywa, nikaondoka. Mellen alinifuata hadi kwenye kona akaomba namba yangu ya simu. Nilimpa ili aniache niende zangu.

Nyumbani nilitoa kalamu nyekundu nikakata ukurasa wa kumi kwa mstari mmoja, kona hadi kona. Nilijiona nimedanganywa na familia nzima, walio hai na waliokufa na wasiozaliwa. Jumapili iliyofuata simu ikalia. Mellen. Nikaitazama. "Lia tu," nikaiambia, "utachoka." Jumapili ya pili ikalia tena, mara mbili. Wiki ya tatu ikalia kila siku, asubuhi na mchana na jioni. Sikupokea. Nitasema ukweli: sehemu fulani yangu ilifurahi. Ilikuwa miezi mingi tangu mtu yeyote anitafute hivyo, na nilitaka kutafutwa zaidi kidogo. Kisha simu zikakoma, nikabaki na wasomaji wa habari.

Ilipita kama miezi miwili. Siku moja Benta alikuja kuniomba nimsomee tarehe ya kufa kwa baba yao, kwa sababu ya hati fulani ya shamba. Nikafungua kurasa za Ogweno. "Alikufa hamsini na tano," nikasoma. Na jicho langu, jicho la kusahihisha madaftari miaka thelathini na nne, likateremka mstari mmoja chini. Ogweno, alizaliwa hamsini na nane.

"Benta," nikasema, "hapa tumekosea. Ogweno hawezi kuzaliwa miaka mitatu baada ya baba yake kufa."

Benta akanitazama kama mtu aliyeniona nimevaa nguo nje ndani. "Tumekosea nini? Mama alirithiwa. Ogweno alizaliwa na yule baba mdogo. Lakini ni mtoto wa marehemu, si wewe unajua?"

Nilijua. Bila shaka nilijua! Nilikaa na Ogweno miaka thelathini na moja, nikamzika kwa jina la baba ambaye asingeweza kumzaa, na hakuna siku niliwahi kumuuliza damu yake ni ya nani. Niliandika tarehe hizo mbili kwa mkono wangu, moja chini ya nyingine, nikapiga mstari wa rula, nikaona ni sawa. Kwa mume wangu mtu aliyekufa alikuwa baba wa kutosha. Kwa mwanamke aliyetoa ujana wake ili mimi niwepo, nilitaka ushahidi.

Benta alipoondoka nililia hadi pua ikaziba. Kisha nikanawa. Asubuhi nilipita Rongo nikanunua leso ya rangi ya zambarau, kilo nne za sukari, na mkate mzima. Njia nzima hadi Kehancha nilifanya mazoezi ya maneno. Nilitaka kumwambia, nyanya, nisamehe, mimi ni mkali kwa sababu sina mtu wa kunikanya. Nilitaka kumwomba anitajie mama yake, na mama wa mama yake, na mimi nitaandika wote, na Ryoba nitamwandika pamoja nao kwa wino wa bluu.

Kiti cha plastiki hakikuwepo mlangoni. Kando ya nyumba kulikuwa na udongo mwekundu uliotuta, na msalaba wa mbao wenye rangi nyeupe ambayo bado haikuwa imechujuka.

Mellen alitoka, akanipokea mfuko wa sukari na leso. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. "Tulikupigia, mwalimu," akasema.

"Najua."

"Wakati wa ugonjwa nilipiga. Alitaka kukusikia sauti tu. Na wiki ya mazishi tulipiga kila siku."

Aliingia ndani akarudi na kijitabu cha mazishi, vile vya karatasi ya kung'aa, picha ya Mogesi mbele amevaa kitambaa cha kichwa. Akasema maneno ya ndani Mogesi aliyatunga mwenyewe kitandani, yeye Mellen akiandika, na mtu akikosea jina anarudishwa mwanzo. Nikasoma nikiwa nimesimama. Binti wa Weisiko. Mama wa watoto wanane. Chini kabisa, katika orodha ya waliobaki, peke yake kwenye mstari wake: *Nyumba ya kaka yake, Ryoba: Mwalimu Robi Nchagwa, mjukuu, wa Rangwe.*

Sikuwa nimewahi kuona jina langu limeandikwa na watu wa baba yangu. Nililisoma mara nyingi, mpaka Mellen akanisogezea kigoda. Karibu na ukurasa wa mwisho ulikuwa utaratibu wa kaburini: watoto, wajukuu, kanisa, majirani, kila nyumba na zamu yake ya kutia mchanga. Ya kwanza kabisa, kabla ya watoto wenyewe, ilikuwa nyumba ya Ryoba.

"Alisema kaka yake ndiye aanze," Mellen akasema. "Tukamwambia huenda usije. Akasema, andika."

"Na pasta aliita?"

"Aliita mara tatu. Watu wakageuka kuangalia njiani."

"Ikawaje?"

Mellen alikunja kona ya leso niliyomletea marehemu, akaikunjua tena. "Tulingoja kidogo, mwalimu," akasema. "Halafu tukaendelea."